Hospitali ipi ya kujifungulia? Linganisha viwango vya upasuaji kabla hujachagua

Mwaka 2009, kati ya hospitali 593 za Marekani zilizochunguzwa, iliyopasua wachache zaidi ilipasua asilimia 7.1 ya wanawake waliojifungulia hapo. Iliyopasua wengi zaidi ilifika asilimia 69.9. Jibu linalokuja haraka ni kwamba hospitali kubwa hupelekewa kesi ngumu, basi lazima zipasue zaidi. Watafiti nao walilijua hilo. Wakaondoa kwenye hesabu mapacha, watoto njiti, waliotanguliza matako na akina mama wenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita. Wakabaki wanawake wasio na sababu ya wazi ya kupelekwa thieta. Kwa uwiano pengo halikupungua, lilizidi, kutoka kama mara kumi hadi mara kumi na tano: asilimia 2.4 kwenye hospitali moja, asilimia 36.5 kwenye nyingine.

Kwa hiyo mwanamke mwenye afya na mimba isiyo na shida, akichagua hospitali, amechagua pia sehemu kubwa ya namna atakavyojifungua, na mara nyingi hajui kwamba amechagua. Hapa chini nazilinganisha aina za hospitali kwa mambo yanayopandisha au kushusha upasuaji. Msimamo wangu niuseme mapema: kiwango cha jumla cha hospitali hakitoshi kukuamulia. Kinachokuhusu ni kiwango cha wanawake wanaofanana na wewe, pamoja na majibu ya maswali mawili: nani yuko zamu saa nane za usiku, na nani anafaidika wewe ukipasuliwa.

Namba ya jumla na namba inayokuhusu

Wengi wamesikia kwamba Shirika la Afya Duniani linataka upasuaji usizidi asilimia 10 hadi 15. Namba hiyo ilitoka kwenye mkutano wa mwaka 1985 uliofanyika Fortaleza, Brazil. Mwaka 2015 shirika lilitoa tamko jipya: kiwango cha nchi kikishapita asilimia 10, vifo vya akina mama na watoto wachanga havionekani kupungua zaidi kwa sababu ya upasuaji. Hayo yanahusu watu wa nchi nzima, si hospitali moja moja. Hospitali inayopokea kila mwenye kifafa cha mimba na kila mwenye kondo la nyuma lililoziba njia haiwezi kuhukumiwa kwa asilimia 15. Vilevile zahanati isiyo na chumba cha upasuaji itakuwa na asilimia sifuri, na hiyo si sifa.

Tamko hilohilo la 2015 lilipendekeza hospitali zote zitumie mgawanyo wa makundi kumi uliobuniwa na Michael Robson, daktari wa uzazi wa Dublin, aliyeuchapisha mwaka 2001. Kila mwanamke anayekuja kujifungua anaingia kundi moja tu, kwa kuangalia mambo machache: amewahi kuzaa au la, ana kovu la upasuaji au la, mtoto ni mmoja au zaidi, amekaaje tumboni, mimba imefikisha wiki 37 au bado, na uchungu umeanza wenyewe, umeanzishwa, au haukungojwa. Kundi la 1 ni mimba ya kwanza, mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, miezi imetimia, uchungu umeanza wenyewe. Kundi la 3 ni mwanamke wa namna hiyohiyo ila amewahi kuzaa na hana kovu. Kundi la 5 ni wenye kovu.

Tazama kwa nini mgawanyo huu una maana. Chukua mfano wa kubuni, hospitali mbili zinazozalisha wanawake 1,000 kila moja.

Ya kwanza ni ya rufaa. Ina wanawake 200 wa kundi la 1 na inapasua 18. Ina 400 wa kundi la 3, inapasua 12. Wenye kovu ni 250, inapasua 150. Waliobaki 150 ni mapacha, njiti, matako na mengine mazito, inapasua 120. Jumla ni 300, yaani asilimia 30.

Ya pili ni hospitali nadhifu ya mtaani. Ina 400 wa kundi la 1, inapasua 80. Ina 500 wa kundi la 3, inapasua 30. Wenye kovu ni 50 tu, inapasua 45. Waliobaki 50, inapasua 45. Jumla ni 200, asilimia 20.

Mtu akisoma ubao wa mapokezi ataikimbilia ya pili. Lakini mwenye mimba ya kwanza ana asilimia 9 kule na asilimia 20 huku. Aliyewahi kuzaa, 3 kwa 6. Mwenye kovu, 60 kwa 90. Hata kwenye kesi nzito, 80 kwa 90. Hospitali ya pili inapasua zaidi katika kila kundi, ila inaonekana nafuu kwa sababu wanaoingia kwake wengi hawakuwa na tatizo tangu nyumbani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutumia makundi haya unasema kundi la 1 linaweza kubaki chini ya asilimia 10, na kundi la 3 lisizidi 3. Kundi la 5, asilimia 50 hadi 60 ni ya kawaida pale penye huduma nzuri. Shika namba hizo tatu. Ndizo kipimo chako unapoongea na hospitali yoyote.

Hospitali binafsi ya biashara na hospitali ya umma

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, na Brazil ndiyo mfano unaotajwa kila mara. Nchi nzima zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa kwa upasuaji, lakini kwenye hospitali binafsi kiwango kinapita asilimia 80. Hakuna ugonjwa unaowapata wenye bima pekee. Uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba hospitali za kutafuta faida hupasua zaidi kuliko zisizo za faida, kwa uwiano wa 1.41 dhidi ya 1, baada ya kuzingatia tofauti za wagonjwa.

Watu husema kwa mkato, "wanataka hela". Hela imo, ila haifanyi kazi kama watu wanavyodhani. Daktari hakai na kikokotoo pembeni ya kitanda. Tatizo ni kwamba uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kwenda saa kumi na mbili, kumi na nane, hata zaidi, na upasuaji huchukua kama saa moja. Mahali ambapo daktari analipwa kwa kila mama aliyemzalisha, na kliniki yake imejaa kesho asubuhi, kila saa anayosubiri ni saa anayoitoa bure. Upasuaji uliopangwa Jumanne saa tatu asubuhi unamfaa yeye, unamfaa meneja wa thieta, mara nyingi unaifaa na familia iliyotaka kujua tarehe. Hakuna aliyedanganya. Ila kila anayesukuma anasukuma upande mmoja.

Hospitali ya umma inayolipa mshahara haina msukumo huo. Ina wake: foleni. Wodi ikifurika, mkunga mmoja akiwa na akina mama sita, mawili yanaweza kutokea, na yanapingana. Ama mwanamke anayehitaji kupasuliwa anasubiri thieta mpaka hali inaharibika, ama anayehitaji muda anakatizwa ili kitanda kipatikane. Kiwango cha chini cha hospitali ya umma hakimaanishi moja kwa moja kwamba watu pale wana subira. Kinaweza kumaanisha kwamba daktari wa ganzi ni mmoja.

Na hili si jambo dogo. Wakati Amerika ya Kilatini na Karibi viwango viko karibu asilimia 43, Afrika Kusini mwa Sahara kwa ujumla ni kama asilimia 5, maana yake wapo wanaokufa kwa kukosa upasuaji. Na wanaoupata hawako salama kama wengine: utafiti uliofuatilia upasuaji wa uzazi katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 1,000 waliopasuliwa, zaidi ya 5 walifariki, mara 50 zaidi ya nchi tajiri. Wengi wa waliopasuliwa walikuwa wa dharura. Kwa hiyo swali la kuiuliza hospitali ya umma si "mnapasua wangapi" peke yake. Ni "kikiamuliwa kisu, mama anaingia thieta baada ya muda gani, na damu ipo?"

Kati ya hizi mbili, mimba yako ikiwa haina shida na hospitali ya umma ina thieta inayofanya kazi usiku na mchana, ningekwenda ya umma na kuvumilia foleni. Ikiwa thieta yake inafungwa jioni, jibu linageuka.

Daktari wako mwenyewe na daktari wa zamu

Watu wengi hulipa zaidi ili wazalishwe na daktari yuleyule aliyewaona kliniki. Inaeleweka, anakujua na unamwamini. Lakini kwenye suala la upasuaji mpango huu una dosari ambayo haisemwi.

Fikiria saa nane za usiku. Mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 4 tangu saa mbili na haijasogea. Mapigo ya mtoto ni mazuri, mama amechoka. Daktari aliye kwenye zamu ya saa 24, analala chumba cha jirani na atakabidhi kwa mwenzake asubuhi, anaweza kusema, "Mpe maji, mgeuze ubavu, nitarudi saa kumi." Hapotezi chochote. Daktari binafsi aliyeamshwa nyumbani, ameshaendesha gari mpaka pale, na saa mbili asubuhi ana wagonjwa wanamngoja, anaiona sentimita 4 ileile kwa jicho jingine. Kwenye faili ataandika "uchungu hausogei".

Je, kweli haukusogea? Mwaka 2014 vyama vya madaktari wa uzazi vya Marekani vilitoa mwongozo unaosema uchungu mkali usihesabiwe kuwa umeanza kabla ya sentimita 6. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka 5. Kwa vipimo vyote viwili, mama wa sentimita 4 bado yuko mwanzoni. Kumpasua kwa sababu ya "kutosogea" ni kumpasua kabla safari haijashika kasi. Hospitali inayotumia kipimo cha zamani, kilichohesabu kuanzia sentimita 3 au 4, itapasua zaidi hata kama madaktari wake ni mahodari na wana nia njema.

Kuna hospitali moja ya California iliyotoka mfumo mmoja kwenda mwingine, ikatupa ulinganisho ambao ni vigumu kuupata. Kabla ya mwaka 2011 wanawake wenye bima binafsi walizalishwa na madaktari wao. Baadaye walipewa wakunga na daktari wa zamu asiyetoka wodini. Upasuaji kwa wenye mimba ya kwanza isiyo na shida ulishuka kutoka asilimia 31.7 hadi 25.0. Wenye kovu waliojifungua kawaida walipanda kutoka asilimia 13.3 hadi 22.4. Jengo ni lilelile, mji uleule. Kilichobadilika ni nani yuko pale usiku.

Hospitali za kufundishia madaktari zina faida ya aina hii bila hata kuipanga. Wapo wanafunzi na madaktari wa mafunzoni usiku kucha, na yupo mkubwa wao anayeulizwa. Adha yake unaijua: utapimwa na watu wengi, baadhi wakijifunza. Una haki ya kusema apime mmoja.

Hospitali kubwa ya rufaa na hospitali ndogo

Hapa sitakaa sana, maana kwa mimba ya hatari hakuna ushindani. Mapacha wanaogawana kondo, kondo lililoziba njia, presha ya mimba iliyopanda mapema, uchungu kabla ya wiki 34, ugonjwa wa moyo: nenda panapo benki ya damu, daktari wa ganzi muda wote, na wodi ya watoto wachanga mahututi. Kiwango cha upasuaji cha pale kiwe 30 au 50, kwako si hoja.

Kwa mimba isiyo na shida, ukubwa peke yake hauelezi mengi. Hospitali ndogo zinatawanyika sana. Nyingine zina viwango vya chini kabisa kwa sababu wakunga wake ni wazoefu na wanamjua kila anayeingia. Nyingine hupasua kwa wingi kwa hofu yenye mantiki: daktari wa ganzi yuko mbali usiku, basi dalili ndogo ya mashaka saa kumi jioni inatosha kuamua, kuliko kungoja dharura saa saba usiku bila mtu wa kulaza mgonjwa. Hofu hiyo siilaumu, ila wewe ndiye unayebeba kovu lake. Kwa hospitali ndogo uliza jambo moja tu kwa uwazi: usiku, wa ganzi analala wapi?

Mtoto aliyetanguliza matako ni mfano mwingine wa tofauti hizi. Baada ya jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2000, hospitali nyingi duniani ziliacha kuzalisha matako kwa njia ya kawaida, na madaktari vijana hawakuijifunza kazi hiyo. Kilichobaki ni kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo karibu wiki ya 36 au 37, jambo linalofaulu kama mara moja kati ya mbili. Hospitali yenye mtu anayeweza kugeuza inaokoa nusu ya visu hivyo. Isiyokuwa naye inakupangia tarehe.

Wodi inayoongozwa na wakunga na wodi inayoongozwa na madaktari

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili ulitoka Uingereza mwaka 2011, pale watafiti walipofuatilia zaidi ya wanawake 64,000 wenye mimba zisizo na shida kufuatana na mahali walipopanga kujifungulia. Waliopanga wodi ya kawaida ya madaktari, kama asilimia 11 walipasuliwa. Waliopanga kitengo cha wakunga kilicho ndani ya hospitali hiyohiyo, asilimia 4.4. Kitengo cha wakunga kinachojitegemea, 3.5. Watoto wa vitengo vya wakunga hawakupata madhara zaidi ya wale wa wodi ya madaktari.

Usiishie hapo kusoma. Kati ya wenye mimba ya kwanza walioanza kwa wakunga, asilimia 36 hadi 40 walihamishiwa kwa madaktari katikati ya uchungu au mara baada ya kujifungua, wengi bila dharura: wamechoka, wanataka ganzi ya mgongoni, njia inachelewa. Mfumo ulifanya kazi kwa sababu kuhama kulikuwa rahisi na hakuna aliyegombezwa kwa kuchelewa. Kituo cha wakunga kilicho mbali na thieta, kisicho na gari la uhakika wala makubaliano na hospitali ya kupokea, kina jina lilelile lakini hakina ulinzi uleule. Kwa mimba ya kwanza, kitengo cha wakunga kilicho ndani ya uzio wa hospitali ndicho ningekitaja kwanza kuliko chaguo jingine lolote katika makala hii.

Yako mambo mawili ambayo wakunga hufanya na ambayo hata wodi ya madaktari inaweza kuyaiga, ukiyaomba. La kwanza ni kuwa na mtu. Mwanamke anayekaa na mtu mmoja wa kumtuliza mwanzo hadi mwisho wa uchungu, awe ndugu, rafiki au msaidizi aliyefunzwa, hupasuliwa kwa uchache zaidi. Tafiti zilizounganishwa mwaka 2017 ziliweka punguzo hilo kwenye robo hivi. Hospitali inayomfungia nje mtu wako imekunyima kitu chenye nguvu kuliko dawa nyingi.

La pili ni mashine ya mapigo. Kufungwa mkanda wa mashine muda wote, kwa mimba isiyo na shida, huongeza upasuaji ukilinganisha na kusikilizwa kila baada ya muda kwa Pinard, kile kitarumbeta kidogo kinachowekwa juu ya tumbo, au kifaa cha mkononi. Haipunguzi vifo vya watoto. Inapunguza degedege za watoto wachanga, ambazo ni chache, na hilo lazima lisemwe. Lakini hospitali inayojivunia kwamba kila kitanda kina mashine inajivunia, bila kujua, moja ya sababu za kiwango chake.

Ganzi ya mgongoni, kwa upande wake, husingiziwa. Haiongezi upasuaji. Wala kuanzishiwa uchungu hakuongezi kama wengi wanavyoamini: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 lilikuta kwamba wenye mimba ya kwanza walioanzishiwa wiki ya 39 walipasuliwa asilimia 18.6, na walioachwa wangoje, 22.2. Sharti ni subira. Hospitali inayokuanzishia asubuhi na kukata tamaa jioni haifanyi kitu kilekile.

Ukiwa na kovu

Kwa mwanamke aliyepasuliwa mara moja, tofauti kati ya hospitali ni kubwa kuliko kwa mwingine yeyote. Katika waliojaribu kujifungua kawaida baada ya upasuaji mmoja, 60 hadi 80 kati ya 100 hufanikiwa. Hatari ya mfuko wa uzazi kuachia kwenye kovu iko chini ya asilimia 1, lakini ikitokea inataka thieta sasa hivi. Ndiyo maana hospitali isiyo na timu ya upasuaji usiku hukataa kabisa, na kwa hali yake inakataa kwa haki.

Tatizo ni zile zenye timu na bado zinakataa kwa mazoea. Kama unapanga kuzaa zaidi, usiuchukulie upasuaji wa pili kama marudio ya wa kwanza. Pale kondo linapokaa chini na kuziba njia, uwezekano wa kung'ang'ania ndani ya kovu ni kama asilimia 3 katika upasuaji wa kwanza, 11 katika wa pili, 40 katika wa tatu na 61 katika wa nne. Kondo la namna hiyo hutoa damu ya kutisha na mara nyingi mfuko wa uzazi huondolewa. Anayetaka watoto wanne na anayetaka wawili hawachagui hospitali kwa kigezo kimoja.

Uliza hivi: "Mwaka jana, kati ya wenye kovu moja waliokuja hapa, wangapi walijaribu, na wangapi wakafanikiwa?" Hospitali inayoruhusu itajibu namba mbili. Ukijibiwa "inategemea", umeshajibiwa.

Hospitali inayojipima na isiyojipima

Sifa hii haionekani kwa macho, lakini inatabiri mengi. California, kiwango cha wenye mimba ya kwanza isiyo na shida kilishuka kutoka asilimia 26.0 mwaka 2014 hadi 22.8 mwaka 2019, na kazi kubwa ilikuwa kuzikusanya hospitali, kuzipa takwimu zao, na kuzionyesha zilivyo zikilinganishwa na jirani zao. Quebec, jaribio katika hospitali 32 lilifanya madaktari wakae wapitie kesi zao za upasuaji wenyewe kwa wenyewe. Kiwango kikatoka 22.5 hadi 21.8. Ni punguzo dogo, sitalipaka rangi. Amerika ya Kilatini, jaribio lililolazimisha daktari wa pili aulizwe kabla ya kisu lilipunguza kama asilimia 7 ya upasuaji wote.

Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa muujiza. Ila hospitali inayohesabu makundi yake inaweza kukujibu, na isiyohesabu inakupa tabasamu. Hata kama namba ni mbaya, kuwa nayo mkononi ni dalili kwamba kuna mtu anaiangalia.

Namna ya kuuliza bila kufukuzwa

Usianze na daktari. Muulize muuguzi mkuu wa wodi ya leba, au mkunga wa kliniki, wakati wa utulivu, tena kwa adabu: "Samahani dada, hii ni mimba yangu ya kwanza. Kwa kawaida hapa, wenye mimba ya kwanza kumi wakija na uchungu wao wenyewe, wangapi huishia thieta?" Mkunga aliyefanya kazi pale miaka mitatu anajua jibu hata kama hakuna kitabu cha takwimu. Akisema mmoja, umefika. Akisema wanne, muulize kwa nini, na usikilize anataja nini: akitaja wagonjwa, sawa, akitaja daktari fulani au siku fulani za wiki, umepata ulichokuwa unakitafuta.

Kisha uliza kama mtu wako ataruhusiwa kukaa nawe, na kama utaruhusiwa kutembea. Na je, wanahesabu uchungu kuanzia sentimita ngapi? Hilo la mwisho litamshangaza, nalo ni zuri kuliko yote, kwa sababu halina jibu la kupendeza la kutunga.

Fanya haya kabla ya wiki ya 32 kama unaweza. Baadaye unaweza kuhama bado, ila faili lako, vipimo vyako na nafasi ya kitanda huanza kukuvuta ubaki. Na ukishahamia, mpe hospitali mpya karatasi zote, hasa maelezo ya upasuaji uliopita kama upo: mfuko wa uzazi wenyewe, si ngozi, ulikatwa kwa upana chini au kwa urefu juu. Wa urefu juu hawajaribu kujifungua kawaida popote, hata hospitali iwe na namba nzuri kiasi gani.